Video ni za bure, anayekusahihisha je?

Dada mmoja wa Morogoro ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtunza stoo kwenye ghala la mbolea na mbegu. Bosi ametuambia nafasi ya msaidizi wa hesabu itafunguliwa mwakani, ila anayeitaka awe anaijua Excel na aweze kutoa ripoti ya mwezi mwenyewe. Kuna chuo hapa mjini kinataka laki nne na nusu kwa miezi mitatu, masomo ya jioni. Mdogo wangu ananicheka, anasema hizo hela nikalipie ada ya watoto kwa sababu kila kitu kipo YouTube bure. Nimemsikiliza. Tangu Januari nimeanza kozi tano na sijamaliza hata moja. Sasa naomba uniambie ukweli: hizi kozi za bure zina ubora, au rahisi ni ghali? Na kama zina ubora, mbona mimi zinanishinda?"

Marahaba dada. Hayo ni maswali mawili. La ubora ni jepesi na nitaanza nalo. Hilo la kushindwa ndilo lenye kazi.

Kuhusu ubora mdogo wako hajakosea. Mwaka 2001 chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka vifaa vya masomo yake kwenye intaneti, bure, bila hata kujisajili, na kilifanya hivyo kweli. Mihadhara ya Gilbert Strang, profesa wa chuo hicho, ya aljebra ya mstari ilirekodiwa mwaka 1999 kwa ubao na chaki, na hadi leo watu wanaitazama, ingawa mwenyewe alifundisha darasa lake la mwisho mwaka 2023. Harvard nao wana CS50, kozi ya David Malan inayomchukua mtu asiyejua lolote kuhusu kuandika programu na kumtoa akiwa anaandika za kwake; ukimaliza kazi zake zote wanakupa cheti chao bila kukutoza. Wahindi kupitia vyuo vyao vya teknolojia vya IIT wana NPTEL, masomo ya uhandisi kwa mamia, na kulipa ni pale tu unapotaka kufanya mtihani. Na kwa hilo lako la Excel, yupo Mike Girvin, mwalimu wa Highline College katika jimbo la Washington, ambaye tangu 2008 anaweka video YouTube pamoja na mafaili ya kufanyia kazi. Yule bwana akieleza fomula hata aliyekimbia hesabu darasa la sita anamwelewa.

Mimi nimewahi kulipia kozi, tena hela nzuri, nikakaa wiki nzima nasomewa slaidi na mtu aliyetupa mgongo. Kwa hiyo usidhani laki nne na nusu inanunua maelezo bora kuliko hayo ya bure. Mara nyingi hainunui.

Lakini YouTube ni soko la Kariakoo, kila mtu ametandika chake. Kuna video za Excel zenye muziki, picha zinazorukaruka na ahadi ya kukufanya bingwa kwa dakika 15, na mwisho wake umeburudika tu. Mimi napima hivi: namwangalia kama anatoa faili la kupakua ili nifanye anachofanya. Asipotoa, namwacha hata akiwa na watazamaji milioni. Kisha naangalia kama anakosea mbele yangu na kuonyesha jinsi ya kurekebisha, maana nikikaa kwenye kompyuta yangu muda mwingi nitakuwa nimekosea. Mwalimu ambaye kila fomula inamkubali mara ya kwanza amekata vipande vyenye faida.

Halafu kuna kitu ambacho hata mwalimu bora wa huko hawezi kukuonyesha, kwa sababu hajui uko wapi. Nikupe mfano ambao nina hakika utakutana nao kama hujakutana nao tayari. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu huja na mpangilio wa tarehe wa Kimarekani, mwezi mbele, siku nyuma. Wewe unaandika tarehe kama tulivyofundishwa, siku kwanza. Umepokea mifuko ya mbolea ya DAP tarehe 5 Machi, unaandika 5/3 na mwaka wake. Kompyuta inaelewa Mei 3, wala haikwambii kitu. Tarehe 15 Machi unaandika 15/3 na mwaka wake. Kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, inaiacha kama maneno matupu, na ukiangalia vizuri utaona imelala upande wa kushoto wa seli, yaani kile kisanduku unachoandikia, wakati tarehe halali hulala kulia. Mwisho wa mwezi unatafuta jumla ya Machi, unapata tarakimu ya ajabu. Siku 12 za mwanzo zimetawanyika mwaka mzima kuanzia Januari hadi Desemba, ya tarehe 3 peke yake ikiwa ndiyo iliyobaki mahali pake, na zilizobaki hazihesabiki kabisa. Unarudi kwenye video, unaitazama mara tatu, fomula yako ni ileile ya mwalimu. Unaanza kuamini kwamba wewe ndiye mzito. Dawa yake ni kwenda kwenye mipangilio ya kompyuta, sehemu ya nchi na lugha, ukaweka siku mbele, kisha ukaziandika upya zile tarehe zilizokwisha kuharibika. Mtu aliyesimama nyuma ya kiti chako angekuonyesha hilo mara moja. Video haikuoni.

Hapo ndipo nataka tukae.

Umesema kozi tano, hakuna iliyokwisha. Karibu katika chama kikubwa. Mwaka 2011 Sebastian Thrun wa Stanford na Peter Norvig wa Google walifungua kozi ya Stanford ya akili unde kwa dunia nzima bila malipo. Walijiandikisha watu wapatao 160,000, wakamaliza elfu ishirini na kitu. Mwaka uliofuata zikazaliwa Coursera na edX, tovuti za kozi za vyuo vikuu, na magazeti yakaandika kwamba vyuo vikuu vya kawaida vimefika mwisho wao. Vyuo bado vipo. Watafiti waliopitia kumbukumbu za kozi za MIT na Harvard kwenye edX walichapisha matokeo mwaka 2019: katika mwaka wa masomo 2017/18, kati ya wote walioshiriki waliomaliza walikuwa takriban 3 kwa kila 100. Kwa wale waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 kwa kila 100. Mtu wa haraka atasema kumbe dawa ni kulipa. Sivyo hasa, kwa sababu anayetoa hela yake mara nyingi ni yule ambaye alishaamua kumaliza. Ila hata mwenye nia, hela ikishatoka mfukoni humsukuma kidogo, tusijidanganye.

Wepesi wa hizi kozi, ule unaosifiwa sana, ndio unaoziua. Unaweza kuanza saa yoyote, maana yake unaweza kutoanza saa yoyote. Unasitisha video mtoto akilia, na video haitakuuliza kesho ulienda wapi. Darasa la jioni ukikosa mara mbili mwenzako atakupigia simu. Na ukikwama kwenye kozi ya kwanza, ya pili ipo pembeni hapo hapo, na somo lake la kwanza ni jepesi na linapendeza, kwa hiyo unahamia. Nakisia hizo kozi tano umezisoma zote mwanzo: seli ni nini, safu ni nini, jinsi ya kujumlisha. Yaani somo moja mara tano.

Yalinikuta na mimi, ndiyo maana nakisia kwa ujasiri. Rafiki alinipa video za yule Strang kwenye flashi, wakati ambapo kupakua video moja ilikuwa shughuli ya usiku kucha. Mhadhara wa kwanza anaanza na milinganyo miwili tu: 2x − y = 0, na −x + 2y = 3. Anaichora kama mistari miwili inayokutana kwenye nukta moja, x ikiwa 1 na y ikiwa 2. Kisha anafuta kila kitu kichwani mwako na kukuonyesha milinganyo ileile kwa njia nyingine, kama mishale miwili unayoiunganisha ili ufike unakotaka. Niliona kama mtu amewasha taa. Nikatazama mhadhara wa pili, wa tatu, hadi wa tisa, jioni baada ya jioni, naitikia kwa kichwa. Nikajiona nimeiva. Siku moja umeme ukakatika, nikachukua kalamu nijaribu swali la mhadhara wa pili, la milinganyo mitatu, ambalo nilikuwa nimemwona akilifanya kwa macho yangu. Sikufika popote. Nilikumbuka mkono wake ukiandika, nikakumbuka hata mzaha alioutoa, lakini hatua ya pili sikuijua. Ilibidi nianze upya, safari hii kwa kanuni moja: mhadhara haufuatwi na mwingine mpaka maswali yake yaishe. Ilinichukua karibu mwaka.

Jambo hilo limepimwa. Mwaka 2015 Kenneth Koedinger na wenzake walichunguza kozi ya utangulizi wa saikolojia iliyotolewa bure na Georgia Tech, wakalinganisha waliotazama na kusoma zaidi na waliofanya mazoezi zaidi. Kufanya mazoezi kulihusiana na matokeo kwa kiasi cha takriban mara sita kuliko kutazama video. Na mwaka 2019 wanafunzi wa fizikia wa Harvard waliwekwa makundi mawili: kundi moja lilisikiliza mhadhara wa mwalimu hodari, jingine likakokotoa maswali lenyewe kwanza. Waliosikiliza walisema wamejifunza zaidi. Mtihani ukasema wamejifunza pungufu. Maelezo mazuri yanakupa raha ya kuelewa, na hiyo raha haikupimi. Kwa hiyo ubora wa video ulioniuliza unaweza kuwa sehemu ya tatizo lako: kadiri mwalimu anavyoeleza vizuri, ndivyo unavyokosa sababu ya kushika kibodi.

Kuna kisa ambacho watu wa kozi za mtandaoni hupenda kukisimulia. Kozi ya kwanza ya edX, ya saketi za umeme, ilitolewa mwaka 2012. Walijiandikisha kama 155,000, wakafaulu kama 7,000. Mmoja wa waliopata alama zote alikuwa kijana wa miaka 15 wa Ulaanbaatar, Mongolia, Battushig Myanganbayar. Husimuliwa kana kwamba video na intaneti vilitosha. Ukikisikiliza chote utagundua kwamba mkuu wa shule yake alikuwa mwenyewe amesoma MIT, ndiye aliyewapangia wanafunzi kozi ile, na alimwalika rafiki yake kutoka Marekani akaenda na vifaa, akakaa nao wiki kadhaa wakiunganisha saketi kwa mikono. Simpunguzii kijana sifa yake, maana wenzake wengi waliopata msaada uleule hawakufika. Lakini video ilitoka Marekani na mtu wa kusahihisha alikuwepo chumbani.

VETA, mamlaka yetu ya mafunzo ya ufundi, iliona hilo mapema. Walipoanzisha VSOMO pamoja na Airtel, mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu, lakini vitendo alilazimika kwenda kuvifanya karakana. Hakuna aliyedhani fundi umeme atatengenezwa na simu peke yake. Excel nayo ni ya mikono, ingawa haikupigi shoti ukikosea.

Sasa wewe ufanyeje.

Kwanza, hukuniambia kama una kompyuta. Kama hizo kozi tano ulizitazama kwa simu huku huna mahali pa kuandika fomula, basi hatujafika hata kwenye suala la nia. Excel ipo kwenye simu, ndiyo, inafaa kufungulia faili ulilotumiwa. Kujifunzia pivoti, yale majedwali ya muhtasari, kwenye kioo cha inchi sita ni kujitesa. Mwombe bosi wako akuruhusu kubaki kwenye kompyuta ya ghala dakika 40 baada ya kazi, siku tatu kwa wiki. Yeye ndiye aliyesema anataka mtu wa ripoti. Ombi hilo ana sababu ya kulikubali, na litamwonyesha kwamba umeshaanza. Simu ibaki kuwa televisheni yako: video kwenye simu, mikono kwenye kompyuta. Ni afadhali hata kuliko kuhamahama madirisha kwenye kioo kimoja.

Bando lisikusumbue sana. Saa moja ya video kwa ubora wa 360p hula kama MB 300. Ukiiacha ijipandishe hadi 720p italamba mara tatu au nne ya hapo. Kwa Excel 360p wakati mwingine tarakimu hazisomeki, kwa hiyo panda hadi 480p na ushuke pale anapoongea tu. Pakua kwa bando la usiku. Na usipakue kozi nzima; pakua somo la wiki hii, maana kuwa na video 80 kwenye simu kunakupa hisia ya mtu aliyesoma. Chagua zilizo fupi ukiweza. Waliochunguza karibu mara milioni 7 za watu kufungua video za edX, katika utafiti wa mwaka 2014, waliona watazamaji wengi hawavuki dakika 6, iwe video ni ndefu kiasi gani. Na Kiingereza kikikukimbia, washa manukuu na upunguze kasi. Masomo ya Excel kwa Kiswahili yapo na mengine ni mazuri, ila mengi yanaishia kwenye hatua za mwanzo, na hizo umeshazisoma mara tano.

Kisha futa kozi nne. Sitaki kujua zipi. Ibaki moja yenye mafaili. Na pamoja na mafaili ya mwalimu, chukua leja yako ya stoo ya karatasi, mwezi mmoja uliokwisha, uiingize: safu A tarehe, B bidhaa, C iliyoingia, D iliyotoka. Mstari mmoja kwa kila tukio, usiruke, usiweke jumla katikati. Salio la DAP utalipata kwa fomula moja:

=SUMIFS(C:C,B:B,"DAP")-SUMIFS(D:D,B:B,"DAP")

Ongeza salio la kuanzia mwezi, ulinganishe na kadi ya stoo. Ikigoma kulingana, usirudi mbio kwenye video. Tafuta. Pengine kuna mahali uliandika UREA ukagusa nafasi mbele yake. Kwa macho ni UREA ileile, kwa kompyuta ni bidhaa nyingine, na mifuko 40 imepotea bila mwizi. Herufi kubwa na ndogo haijali, nafasi inajali. Ukilipata kosa la namna hiyo mwenyewe jioni moja, umejifunza kitu ambacho bosi wako atakulipa kwa sababu yake, na ndipo utakapotaka kujua jinsi ya kuweka orodha ya kuchagua ili mtu asiandike majina ya bidhaa kwa mkono. Hapo sasa tafuta video ya hilo. Utaitazama kwa jicho jingine.

Hela je? Laki nne na nusu usiitoe kwanza, lakini pia usidhani utatoka kwa sifuri. Tafuta mtu mmoja hapo Morogoro anayetumia Excel kila siku: mhasibu kijana, mwalimu wa kompyuta, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUA wa mwaka wa mwisho. Mwambie huhitaji akufundishe. Unahitaji aje Jumamosi, akae saa moja na nusu, aangalie ulichofanya wiki hiyo na akuonyeshe ulipopotea. Hata ukimpa elfu 20 kila anapokuja, Jumamosi nne ni elfu 80. Na ukijua Jumamosi mtu anakuja na umemlipa, Alhamisi utafanya kazi. Hiyo ndiyo tarehe ya mwisho ambayo YouTube haikupi.

Kama huyo mtu hapatikani, rudi kwa kile chuo, ila usilipe kabla hujaomba kukaa darasani jioni moja. Hesabu kompyuta na hesabu vichwa. Angalia kama mwalimu anazunguka kati ya viti au amekaa mbele. Uliza kazi za wanafunzi zinasahihishwa na nani. Wakikukatalia kukaa, umeshapata jibu. Na kama wanatangaza cheti, uliza kama chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa sababu cheti chenye muhuri wa chuo tu hakikusaidii kuliko ripoti inayolingana na kadi ya stoo. Kwa nafasi yako hii, jinsi ulivyoieleza, bosi ameomba ripoti. Hajaomba cheti. Siku ukitaka kuwa mhasibu kamili na kukaa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni habari nyingine, na huko video zitakusaidia kujiandaa, hazitakuvusha geti.

Nipe wiki sita. Usiniandikie umefika somo la ngapi. Nitumie lile faili la mwezi mmoja, lenye salio la kila bidhaa, hata likiwa bado halilingani na kadi. Ila kabla hujalituma futa bei na majina ya wateja, maana hiyo ni mali ya mwajiri wako. Nikilifungua kitu cha kwanza nitakachoangalia ni kama tarehe zimelala kulia.